Mkwawa wa Uhehe: maisha yake, na kwa nini bado tunayasimulia

Ukipanda gari Kihesa na kupita mjini Iringa kuelekea upande wa Ruaha, baada ya kilomita 15 hivi unafika Kalenga. Hapo kuna makumbusho madogo, na ndani yake, kwenye sanduku la kioo, kuna fuvu la kichwa cha mtu. Wanafunzi hupelekwa kuliona na wageni hulipiga picha. Watu wa hapa hukuambia kwamba ni la Mkwawa.

Jina hilo kila mtu analijua. Lakini maisha yake yalikuwaje? Na kwa nini, zaidi ya miaka 120 tangu afe, wazee wetu bado wanayasimulia wakipukuchua mahindi, kwenye misiba na kwenye vilabu vya ulanzi? Makala haya yanaeleza maisha hayo kwa ufupi. Kisha yanaangalia jinsi masimulizi yalivyowasaidia watu walioshindwa vita wakajiona bado ni watu.

Mtoto wa Luhota

Mkwawa alizaliwa Luhota, karibu na Iringa, yapata mwaka 1855. Jina lake kamili ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Mkwawa ni kifupi cha Mkwavinyika, jina ambalo hufasiriwa kuwa mtekaji wa nchi nyingi.

Ukoo huo wenyewe una hadithi ya asili yake. Inasemekana alikuja mwindaji mmoja kutoka mbali, jina lake Mufwimi, akiwinda nyati na kugawa nyama. Akamzalisha binti wa mtawala wa Ng'uluhe, na mtoto akaitwa Muyinga. Kutoka kwa huyo mtoto wa mgeni ndipo ukatoka ukoo uliokuja kuitawala Uhehe. Angalia jambo moja hapo: kabla Mkwawa hajazaliwa, watu wake walikwisha kuwa na hadithi iliyojibu swali la sisi ni nani na tumetoka wapi.

Wakati huo hapakuwa na kabila moja lililoitwa Wahehe. Palikuwa na tawala ndogo ndogo nyingi katika nyanda hizi, kila moja na mkubwa wake. Munyigumba, baba yake Mkwawa, ndiye aliyeziunganisha kwa vita na kwa ndoa. Wengi husema jina Wahehe lilitokana na ukelele wa wapiganaji walipokuwa wakienda vitani. Walioanza kuwaita hivyo walikuwa majirani waliousikia ukelele huo wakaukimbia. Baadaye wenyewe wakalichukua jina hilo likawa lao, na leo mtu hulitaja kwa fahari.

Kijana aliyekimbia, mtwa aliyerudi

Munyigumba alifariki mwaka 1879 au karibu na hapo, na kaburi lake liko Rungemba. Mara ukatokea ugomvi wa kurithi. Mwamubambe, mkwe wa marehemu, alitwaa madaraka, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Alipopata nguvu alirudi na jeshi, na vita vikali vikapiganwa. Mwamubambe aliuawa, na mahali hapo pakaitwa Ilundamatwe, maana yake palipolundikwa vichwa. Kwetu jina la mahali ni simulizi fupi, na mtoto akiuliza kwa nini panaitwa hivyo, hana budi kuambiwa habari yote.

Mkwawa sasa akawa mtwa, yaani mtawala mkuu. Alirithi pia vita na Wangoni vilivyoanza mwaka 1878, enzi za baba yake. Viliendelea miaka kadhaa bila upande wowote kuushinda mwingine kabisa.

Upande wa magharibi aliendelea kuwabana Wasangu wa Mtwa Merere. Wasangu ndio waliokuwa wakubwa wa eneo hili hapo awali, na Wahehe walijifunza kwao mambo mengi ya kivita. Sasa mambo yaligeuka. Merere na watu wake walihama Utengule ya Usangu, wakajihifadhi Usafwa, karibu na Mbeya ya leo. Kaskazini na mashariki vikosi vya Mkwawa vilifika Ugogo na Usagara, vikichukua ng'ombe, watu na hongo za misafara ya biashara iliyopita kwenda pwani.

Mwaka 1887 alianza kujenga ngome ya mawe Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo. Kazi hiyo ilichukua miaka kadhaa. Neno la Kihehe la ngome ni lilinga, na ndilo lililozaa jina la mji wetu, Iringa.

Lugalo, 17 Agosti 1891

Wajerumani walikuwa wameanza kuishika nchi kutoka pwani. Misafara waliyotaka kuilinda ndiyo ile ile ambayo Mkwawa aliitoza. Katikati ya mwaka 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi lao katika Afrika Mashariki, alipanda kuja Uhehe akiwa na askari zaidi ya 300, wapagazi, bunduki za kisasa, bombomu na mizinga. Njiani kikosi chake kilichoma vijiji. Hakutegemea kwamba watu wenye mikuki wangeweza kumzuia.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti msafara wake ulikuwa umejipanga mstari mrefu kwenye njia nyembamba ya Lugalo. Wapiganaji wa Kihehe, yapata 3,000, walikuwa wamelala kimya kwenye majani na nyuma ya mawe. Waliinuka kwa pamoja. Mambo yalikwisha kwa dakika chache, kabla bombomu hazijatengenezwa kupiga. Zelewski aliuawa kwa mkuki, na pamoja naye Wazungu wengine 9 na askari wengi wa kikosi chake. Leo pana mnara mahali hapo, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam.

Habari ya Lugalo ilifika mpaka Berlin. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, Wahehe walishambulia pia kituo cha Wajerumani cha Kondoa, karibu na Kilosa. Lakini Wahehe nao walipoteza vijana wengi Lugalo, na Wajerumani hawakukubali jambo liishie hapo.

Kalenga yaanguka

Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele alifika Kalenga na jeshi kubwa zaidi na mizinga. Tarehe 30 ngome ilivunjwa. Watu wengi walikufa, na pembe za ndovu, mifugo na baruti vikachukuliwa. Mkwawa mwenyewe hakupatikana. Alipenya akaingia msituni.

Kwa karibu miaka minne alipigana kwa kuvizia na kuhama hama. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince alijenga kituo pale ulipo mji wa Iringa sasa. Wajerumani walijaribu kugawa ukoo: mwishoni mwa mwaka huo walimtawaza Mpangile, mdogo wake Mkwawa. Februari 1897 wakamnyonga huyo huyo Mpangile, wakimshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Merere naye alirudishwa kwake Usangu kwa msaada wa Wajerumani, na watu wake wakawa upande wao.

Kisha ikaja adhabu kwa raia wa kawaida. Mashamba na ghala za chakula zilichomwa ili mtwa asipate pa kulia wala pa kulala. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa mali ya kubadilisha maisha ya kijiji kizima. Hata hivyo kwa muda mrefu watu walimpelekea chakula usiku, wakamwonya askari walipokaribia, na kukaa kimya walipohojiwa. Huko Gangilonga, mjini Iringa, kuna jiwe ambalo jina lake maana yake ni jiwe linaloongea. Inasimuliwa kwamba jiwe hilo lilimpa mtwa habari za adui. Iwe jiwe liliongea au ni watu, ujumbe ulimfikia.

Wazee wengine husimulia pia mambo yasiyopendeza. Wanasema miaka ile ya mwisho aliingiwa na shaka na kila mtu, na baadhi ya waliokuwa karibu naye waliuawa kwa kudhaniwa wasaliti. Njaa iliua watu. Wapo waliochoka, wakajisalimisha ili watoto wao wapate kulima.

Mlambalasi

Julai 1898 Mkwawa alikuwa mgonjwa na amebaki na watu wachache sana. Tarehe 19, askari wakiongozwa na Sajini Merkl walifuata nyayo zake mpaka Mlambalasi, magharibi mwa Iringa. Walipofika alikuwa amekwisha kujipiga risasi. Merkl aliamuru kichwa kikatwe, akakipeleka kituoni Iringa. Mwili ulizikwa Mlambalasi, na kaburi liko huko hadi leo.

Baada ya kushindwa

Hapa ndipo habari ya mtu mmoja inapogeuka kuwa habari ya watu wote. Fikiria hali ya Uhehe mwaka 1899. Mtwa amekufa, kichwa chake hakipo, ngome ni magofu, ng'ombe wamechukuliwa, na karibu kila nyumba ina aliyekufa kwa risasi au kwa njaa. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Wahehe wengi hawakujiunga. Wengine walitumika hata upande wa Wajerumani. Walikwisha kuona gharama yake.

Wajerumani waliandika habari yao mapema. Magdalene von Prince, mke wa yule kapteni, alitoa kitabu cha maisha yake Iringa mwaka 1903. Ernst Nigmann, aliyekuwa mkuu wa kituo, alitoa kitabu kuhusu Wahehe mwaka 1908. Katika maandishi ya namna hiyo Mkwawa ni adui hodari aliyeshindwa, na hadithi inakwisha siku ya Mlambalasi.

Wahehe walisimulia vingine. Kwao Lugalo haikuwa bahati tu. Ilionyesha kwamba mtu mwenye mkuki anaweza kumshinda mwenye bombomu akitumia akili. Kifo cha Mlambalasi hakikuwa kushindwa. Kilikuwa kukataa kufungwa kamba na kutembezwa mbele ya watu wake. Na ule ukimya wa wanavijiji mbele ya rupia 5,000 ukawa ushujaa wa mama aliyebeba chakula usiku, si wa mtwa peke yake. Hivyo hata mtu ambaye hakushika mkuki alipata nafasi katika hadithi. Aliweza kumwambia mjukuu wake kwamba naye alifanya kitu, na kwamba mateso yale hayakuwa ya bure.

Hiyo ndiyo kazi ya kusimulia. Njaa iliyopita haibadiliki na waliokufa hawarudi. Lakini mambo yaliyotupata yakiwekwa kwenye mpangilio, yenye mwanzo, sababu na watu waliotenda, hayabaki tena kama rundo la mawe yaliyotuangukia. Mtu anaweza kuyashika, kuyatazama na kuyapokeza kwa mwingine.

Kichwa kinarudi

Simulizi hiyo ilikuwa na pengo moja: kichwa. Maziko hayakuwa yamekamilika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Mkataba huo uliomaliza vita ya dunia nzima ulikuwa na mstari kuhusu mtu wa Kalenga. Ujerumani ikasema haijui lilipo.

Ukoo haukuacha kuuliza. Mwaka 1926 Waingereza walimrudisha madarakani Sapi, mwana wa Mkwawa. Mwaka 1940 akafuata Adam Sapi, mjukuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Gavana Edward Twining alifuatilia jambo hilo mpaka kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi yaliyochukuliwa kutoka makoloni. Lilichaguliwa moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vililingana na vya watu wa ukoo. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa Adam Sapi huko Kalenga mbele ya umati.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na hesabu zake. Kenya ilikuwa kwenye vita vya Mau Mau, na Waingereza walitaka utii wa Wahehe. Lakini watu waliipokea siku ile kwa maana yao wenyewe. Chini ya wiki 3 baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ilianzishwa Dar es Salaam. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, Mkwawa hakuwa tena wa Uhehe tu. Alihesabiwa mmoja wa mashujaa wa taifa zima, na mwaka 1962 mjukuu wake Adam Sapi akawa Spika wa Bunge.

Wapo wanahistoria wanaotia shaka kama fuvu la Kalenga ni lake kweli. Ni haki kulisema hilo. Hata hivyo kwa familia nyingi siku ile ya 1954 ndiyo siku mzee aliporudi nyumbani, na kuanzia hapo waliweza kusimulia habari yake mpaka mwisho.

Na Wasangu wanasemaje?

Msikilizaji wetu wa Usangu au wa Ugogo huenda ametikisa kichwa kwa muda sasa. Ana sababu. Kwa Msangu aliyefukuzwa Utengule, Mkwawa si mtetezi, ni mvamizi, na kurudi kwa Merere ndiyo sehemu ya furaha katika hadithi yake. Kwa Mgogo aliyenyang'anywa ng'ombe, vita vya Mkwawa havikuwa vya uhuru. Na ukoo wa Mpangile ungeweza kutuambia habari nyingine kabisa, ya mtu aliyekubali kiti labda ili watu wapumzike, akanyongwa.

Masimulizi haya yote yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Hatari ipo pale simulizi moja linapokaa peke yake na kuwafunga wengine midomo. Kijana anayesikia upande wa Lugalo tu hatajua kwamba babu yake naye alimuumiza mtu. Akisikia upande wa walioumizwa tu, hatajua kwamba babu huyo alikuwa na moyo wa simba. Anastahili kuvisikia vyote viwili.

Wazee wanaondoka

Habari nyingi tulizo nazo leo zimehifadhika kwa sababu kuna watu waliokwenda kuuliza mapema. Katika miaka ya 1960 mtafiti Alison Redmayne alikaa na wazee wa Uhehe, na mwaka 1968 makala yake kuhusu Mkwawa na vita vya Wahehe ilichapishwa. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha Kiswahili cha Michael Musso, Mukwava na Kabila Lake. Wazee waliohojiwa walikuwa watoto na wajukuu wa waliokuwepo. Hakuna hata mmoja wa mashuhuda wa Lugalo aliyebaki.

Hali ni hiyo hiyo kwa maisha ya karibu zaidi. Bibi yako aliona vijiji vya Ujamaa vikianzishwa. Mjomba wako alikwenda vitani Uganda mwaka 1978 akarudi. Mama alihamia Kihesa kutoka Kilolo au Mufindi akiwa na mzigo mmoja na watoto watatu. Hakuna Mzungu atakayekuja kuandika habari za hao, na wala si lazima aje. Simu uliyoshika unaposoma makala haya inaweza kurekodi sauti.

Jioni moja kaa na mzee wako umwulize mambo matatu: ulizaliwa wapi na jina lako lilitoka wapi, wakati upi ulikuwa mgumu kuliko wote na nani alikusaidia, na ni jambo gani ungependa wajukuu walijue. Kisha nyamaza umsikilize. Usimkatize na usimsahihishe miaka. Akifika mahali pa kuumiza akanyamaza, mwache, kwani kuna mambo ambayo mtu huyasema akiwa tayari, na mengine huondoka nayo. Mara nyingi anayesimulia hushangaa mwenyewe anapoona kumbe maisha yake yalikuwa na njia, hata pale alipodhani alikuwa amepotea tu.

Wahehe wa mwaka 1899 hawakuwa na ngome wala kichwa cha mtwa wao. Walibaki na simulizi wakaitunza, na wajukuu wao walipoulizwa wao ni nani, walikuwa na la kujibu.